Mjane wa Saad na Wajane wa Shinyanga



Ndugu msomaji, mwaka 1999 na mwaka 2000 wanaume wawili wa Kisukuma walifariki dunia mkoani Shinyanga. Kila mmoja aliacha mjane. Usimamizi wa mirathi ukashikwa na ndugu wa marehemu, na wajane wakatakiwa kuondoka katika nyumba walizokuwa wakiishi na waume zao. Jambo hili si geni kwa mtu wa Kambarage, Kahama au Geita. Lililokuwa geni ni kwamba safari hii wajane walikataa kunyamaza, na kesi yao ikafika hadi Umoja wa Mataifa.

Mila iliyoandikwa kuwa sheria

Wajane hao hawakudhulumiwa kinyume cha sheria ya nchi. Walidhulumiwa kwa mujibu wake. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza kanuni za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, Wasukuma wakiwemo. Katika sehemu ya urithi, warithi waliwekwa kwa madaraja: daraja la kwanza mtoto wa kiume mkubwa, la pili watoto wengine wa kiume, la tatu watoto wa kike. Ama mjane, kanuni hizo hazikumpa fungu lolote maadamu marehemu ana ndugu wa ukoo. Riziki yake iliachiwa mikononi mwa watoto wake.

Mwaka 2006 Mahkama Kuu ilikubali kuwa kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa hukumu ya mahkama. Mwaka 2010 Mahkama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya hati, bila ya kugusa kiini cha madai. Ndipo shauri likapelekwa kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwezi wa Machi 2015 Kamati ilitoa uamuzi kwamba haki za wajane hao zimevunjwa, na ikaitaka Tanzania iwalipe fidia na kurekebisha sheria zake.

Wengi wetu tuliposikia habari hii tuliiona ni mambo ya wazungu na ajenda zao. Kabla ya kusema hivyo, turudi Madina.

Shauri la mwaka wa tatu Hijria

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia), aliuawa shahidi Saad bin Rabii (r.a.), Answari aliyeunganishwa udugu na Abdurrahman bin Auf (r.a.). Aliacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake Saad akachukua mali yote, kama ilivyokuwa ada ya Waarabu wa zama za ujahili: mali ni ya wanaume wenye kubeba silaha, wala si ya wanawake na watoto.

Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah kwamba mjane yule aliwachukua mabinti zake mpaka kwa Mtume (s.a.w.), akashitaki kwamba ami yao amechukua kila kitu, na wasichana wasio na mali hawataolewa. Mtume (s.a.w.) hakumwambia akasubiri kikao cha ukoo. Alimwambia kuwa Mwenyezi Mungu atahukumu. Ikateremka aya ya mirathi (An-Nisaa, 4:11), na yule ami akaitwa na kuamrishwa awape mabinti theluthi mbili na mama yao thumuni, kisha kilichobaki ndicho chake.

Tuiweke hukumu hii katika hesabu ya Kisukuma. Ikiwa marehemu ameacha ng'ombe 24, mabinti wawili wanapata 16, mjane 3, na ami 5. Kwa kanuni za mila, mjane huyo hana hata mguu wa ng'ombe.

Si mali tu

Dhulma ya ujahili haikuishia kwenye mali. Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba mtu alipokufa, jamaa zake walijiona wana haki zaidi juu ya mkewe: mmoja wao akitaka atamuoa, wakitaka watamuozesha, wakitaka watamzuia asiolewe. Aya ya 19 ya An-Nisaa ikaharamisha kuwarithi wanawake kwa nguvu. Hii ndiyo haki ambayo leo mikutano ya kimataifa inaizungumza kama haki ya mwanamke juu ya mwili wake, na kurithi wajane kunakofanywa katika makabila yetu ndiko hasa kulikokatazwa na aya hii. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka na kuolewa na amtakaye, na inaheshimu eda ya aliyeolewa Kiislamu.

Tofauti tusiifiche

Hatusemi kuwa Sharia na mikataba hiyo ni kitu kimoja. Katika mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, nchi kadhaa za Kiislamu zilieleza wazi kuwa katika mirathi zitafuata Sharia. Msimamo huo tunao. Mjane ana robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha. Lakini mwenye kuitetea thumuni mbele ya dunia, kisha nyumbani kwake akaacha mjane atoke mikono mitupu, huyo anatetea mila ya ukoo na kuipa jina la dini.

Tena mafungu hayo ni ya mali ya marehemu tu. Kabla ya kugawa, mjane hutolewa mali yake mwenyewe, na mahari ambayo hakulipwa ni deni. Na jasho lake je? Katika karne ya 16 Miladia, kadhi Ahmad bin Ardun wa Moroko alitoa fatwa kuwa wanawake wa milima ya Ghumara, waliokuwa wakifanya kazi za shamba pamoja na waume zao, wana fungu katika mazao kwa kadiri ya kazi yao. Mafakihi wengine walimpinga, lakini hoja yake ilidumu. Hapa kwetu, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahkama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mama aliyelima pamba miaka ishirini ana la kudai kabla ya thumuni.

Wajibu wetu

Tanzania Bara, mahkama haimhesabu Mwafrika kuwa mirathi yake ni ya Kiislamu kwa jina lake pekee. Hutazama maisha aliyoishi na nia aliyoidhihirisha, na pasipo ushahidi huo mila hushika nafasi. Kwa hiyo Muislamu wa Shinyanga anayekufa bila ya kuacha maandishi anamuweka mjane wake katika hatari ileile ya wale wawili. Aandike, mbele ya mashahidi, kwamba mali yake igawiwe kwa Sharia ya Kiislamu. Aorodheshe mali ya mkewe. Na imamu anayekaribishwa kwenye kikao cha arobaini asiishie kwenye dua. Aulize mirathi imegawiwa vipi.

Mjane wa Saad alipata haki yake kwa sababu alipata pa kushitaki. Wajane wa Shinyanga walihangaika zaidi ya miaka kumi wakitafuta. Tujiulize: kwa nini mlango wa msikiti usiwe ndio wa kwanza kubishwa?

Wallahu aalam.