Ukame Kenya: Onyo Hufika, Fedha Huchelewa

Wazee wa Ukambani huitaja miaka kwa majina ya njaa. Ngomanisye, ya 1898 na 1899, iliwakuta watu mifugo yao imeshapukutishwa na sotoka, kisha ndui ikawamaliza waliodhoofika. Mwaka 1961 ni njaa ya Ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka kwenye ndege.

Serikali nayo ilikuja kuweka kumbukumbu zake. Katika miaka ya 1980, baada ya ukame kuwafilisi wafugaji wengi wa Turkana, mfumo wa kutoa tahadhari mapema ulianzishwa huko. Kipimo kimoja kinaeleza mengi: mbuzi mmoja ananunua mahindi kiasi gani? Malisho yakikauka, kila boma hupeleka sokoni mbuzi waliokonda, bei inaporomoka, na mahindi yanapanda siku zizo hizo. Familia inaweza kufilisika kabla mnyama hata mmoja hajafa.

Kwa hiyo tusiseme ukame hutushtukiza. Agosti 2010 wataalamu walikwisha kuonya kwamba La Niña ingeathiri mvua za vuli. Vuli ikashindwa, na masika ya 2011 nayo. Misaada mikubwa ilianza kumiminika Julai 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa Somalia. Mwezi huohuo Wakenya wakachangishana wenyewe kwa wenyewe. Karibu mwaka mzima ulikuwa umepotea, na hilo linauma.

Novemba 2011 ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, na serikali ikaweka lengo la kukomesha dharura za ukame kufikia 2022. Mwaka huo ulipofika, mvua zilikuwa zikishindwa msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2.4 ikafa. Mapema 2023, Wakenya wapatao milioni 4.4 walihitaji chakula.

Hata hivyo, njia ya kufikisha fedha mapema ipo. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, familia maskini hulipwa kupitia akaunti za benki, na picha za setilaiti zikionyesha mimea imekauka vibaya, familia nyingine huongezwa. Kaunti zote 23 za maeneo kame na nusu kame zitenge fedha zinazotoka mara tu tahadhari inapotangazwa, mbuzi akiwa bado ana bei.