Saba ni Tano na Mbili

Hebu mwombe nyanya yeyote wa Kisii au Nyamira akuhesabie hadi kumi kwa Ekegusii. Tano ni isano. Saba? Isano na ibere, yaani tano na mbili. Nane ni isano na isato, tano na tatu. Tisa ndiyo imejitenga, kianda, halafu kumi ni ikomi.

Sasa jumlisha saba na nane bila karatasi. Isano mbili zinafanya ikomi. Ibere na isato zinafanya isano nyingine. Jibu lishatoka: ikomi na isano. Mtoto hajakariri kitu, ameunganisha tu alichotoka nacho nyumbani. Sita, saba na tisa za Kiswahili, tulizozitoa Kiarabu, hazikuonyeshi njia hiyo. Za Kiingereza ndio kabisa.

Shuleni njia hii haikupewa nafasi. Mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati mpya, ile ya seti. Nia ilikuwa nzuri: mwanafunzi aone mawazo yanavyoshikana badala ya kumeza kanuni. Lakini lugha yenyewe ilikuwa ngeni kwa mwalimu na kwa mzazi pia. Mwaka 1981 Kenya ikaitupa.

Mwaka 1998 likaja jaribio jingine, mradi wa SMASSE, wa serikali pamoja na Japani. Ulianza na wilaya tisa, Kisii na Gucha zikiwemo. Nyamira, iliyotengwa na Kisii, haikuwa kwenye orodha. Walimu wa shule za upili walifundishwa kupanga somo, kulifundisha, kulitazama na kulirekebisha. Somo lianze na kazi ya mwanafunzi mwenyewe, kwa vifaa vilivyo karibu. Kuanzia 2003 mradi ukaenea nchi nzima.

Vifaa vilivyo karibu! Wengi walifikiria vijiti, kamba na chupa tupu. Lakini kilicho karibu kuliko vyote ni ulimi. Mwanafunzi anayejua sehemu Jumatatu na uwiano Alhamisi, asijue ni ndugu, hajakosa akili. Hajaonyeshwa tu kwamba hesabu huvunjwa na kuungwa, jambo ambalo nyanya yake hulitamka kila akihesabu ndizi.

Na siku hizi, ukimuuliza mjukuu saba kwa Ekegusii, mara nyingi anacheka tu. Tukipoteza neno hilo, tutakuwa tumepoteza na somo lake.