The Curse of La Llorona

Filamu ya kutisha ya Marekani ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Michael Chaves. Hadithi inatokea Los Angeles mwaka 1973: Anna (Linda Cardellini), ofisa ustawi wa jamii na mjane, anawalinda watoto wake wawili dhidi ya La Llorona, mzuka wa simulizi za Mexico, mama aliyewazamisha wanawe mtoni na sasa huwalilia. Simulizi hiyo ina uchungu mkubwa, lakini filamu inaupoteza kwa vishindo vya ghafla. Patricia, mama aliyefiwa na wanawe baada ya Anna kuwaondoa mikononi mwake, ndiye mhusika mzito kuliko wote, lakini filamu inamsukuma pembeni mapema mno. Wahakiki wengi waliiponda. Hata hivyo iliingiza zaidi ya dola milioni 120.