Fred Archer na Derby ya mkono mmoja

Fred Archer, mpanda farasi aliyekuwa bingwa wa Uingereza kwa miaka 13 mfululizo, alifariki Newmarket Novemba 8, 1886 akiwa na miaka 29. Mwaka 2026 unatimiza miaka 140 tangu kifo hicho, lakini ugomvi uliozuka kuhusu mmoja wa farasi aliowapanda ulichukua zaidi ya karne moja kupata jibu.

Alizaliwa Cheltenham Januari 11, 1857. Kwao farasi walikuwa kazi ya nyumbani: baba yake, William, alishinda Grand National ya 1858, mbio za kuruka viunzi, akiwa juu ya Little Charley. Fred alipofika miaka 11 alipelekwa Newmarket kuwa mwanagenzi wa Mathew Dawson, mmoja wa wakufunzi wakubwa wa farasi wa zama hizo. Shule hakuipata ya maana, na maandishi yalimpiga chenga hadi mwisho. Ushindi wake wa kwanza katika mbio zisizo na viunzi aliupata Chesterfield mwaka 1870. Mwaka 1874 alishinda mbio za 2000 Guineas na farasi Atlantic wa Lord Falmouth, akafunga msimu na ushindi 147 na taji la bingwa. Taji hilo hakulipata mtu mwingine hadi alipokufa.

Mwili wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 178, na majira ya baridi, mbio zikisimama, uzito wake ulipanda hadi kilo 70 hivi. Msimu ukianza alilazimika kushuka hadi kilo 54 au 55. Asubuhi nyingi chakula chake kilikuwa mafuta ya nyonyo, nusu chungwa, dagaa mmoja wa kopo na shampeni kidogo. Nyumbani kwake Falmouth House alijenga hamamu ya mvuke ya kumtoa jasho. Daktari mmoja wa Newmarket alimchanganyia dawa kali ya kuharisha, na mji mzima ukaijua kwa jina la Archer. Kujinyima huko kulimletea fedha nyingi, na kwa kuwa hakupenda kuzitumia ovyo, wenzake walimbandika jina la Mtu wa Bati, bati likiwa neno la mitaani la pesa. Kwa wacheza kamari, kusikia Archer yuko juu ya tandiko kulitosha kuwatuliza roho.

Mei 1, 1880, kwenye uwanja wa mazoezi wa Newmarket, alishuka chini kutoka kwa farasi Muley Edris. Farasi huyo alikuwa ameonja mjeledi wake mara nyingi, na siku hiyo alilipiza: alimkamata mkono kwa meno, akamwinua, akamtupa na kumpigia magoti. Bahati ya Archer ni kwamba farasi aliteleza, akamwachia na kukimbia. Msuli wa mkono ulikuwa umechanika vibaya, na mbio za Derby za Epsom zilibakiza wiki zisizozidi nne.

Alipanda hivyohivyo. Mei 26 alifika Epsom, mkono umefungwa na hauna nguvu, akapewa Bend Or, farasi wa Duke wa Westminster. Kwenye mnyoosho wa mwisho Robert the Devil alikuwa mbele, na watu wengi waliona mambo yameisha. Mpandaji wake, Rossiter, akageuka kutazama nyuma. Archer alimsukuma Bend Or kwa mkono mmoja na miguu miwili, akampita kwenye mstari kwa tofauti ya kichwa cha farasi.

Wenye Robert the Devil, Charles Brewer na Charles Blanton, hawakukubali. Walipeleka pingamizi wakidai kwamba farasi aliyeshinda si Bend Or bali Tadcaster. Hao wawili walikuwa wana wa baba mmoja, Doncaster, wenye rangi moja ya wekundu, waliokulia katika shamba moja la Duke huko Eaton. Ushahidi ulitolewa na Richard Arnull, mtunza farasi aliyekuwa ameachishwa kazi shambani hapo. Alisema majina ya watoto hao wa farasi yalibadilishwa walipoondoka kwenda kwa mkufunzi. Kumbukumbu za shamba nazo hazikuwa za kusifiwa. Julai wasimamizi wa mbio walilikataa pingamizi, na pengine neno la mfanyakazi aliyefukuzwa lilikuwa jepesi mbele ya neno la Duke. Robert the Devil alilipa kisasi uwanjani kwa kushinda mbio za St Leger mwaka huohuo.

Archer alishinda Derby nyingine nne: akiwa na Silvio mwaka 1877, Iroquois wa Marekani mwaka 1881, Melton mwaka 1885 na Ormonde mwaka 1886. Ormonde alikuwa mtoto wa Bend Or, na hakuwahi kushindwa. Mwaka 1885 peke yake Archer alipata ushindi 246, rekodi iliyodumu hadi mpandaji Gordon Richards alipoivunja mwaka 1933.

Nyumbani mambo yaliharibika. Alimwoa Helen Rose Dawson, mpwa wa Mathew, Januari 1883. Mtoto wao wa kwanza hakuishi hata siku moja, na Novemba 8, 1884 mke alifariki siku mbili baada ya kujifungua binti. Oktoba 1886 Archer alijinyima kupita kiasi ili ampande St Mirin katika Cambridgeshire, mbio kubwa ambazo hakuwahi kuzishinda. Bado uzito wake ulizidi kwa ratili moja, na akashindwa kwa kichwa. Siku chache baadaye alipanda Lewes akiwa mgonjwa, akarudi nyumbani na homa ya matumbo. Novemba 8, miaka miwili kamili tangu mkewe afe, alijipiga risasi. Aliacha rekodi ya ushindi 2,748 katika mbio 8,084, yaani zaidi ya moja katika kila tatu.

Jumba la makumbusho ya mbio za farasi la Newmarket limeihifadhi bastola hiyo. Ni heshima ya ajabu kwa mtu aliyeshinda mara 21 mbio kubwa za msimu.

Mifupa ya Bend Or ilihifadhiwa London. Watafiti waliopima vinasaba vyake walichapisha matokeo mwaka 2012: ukoo wa upande wa mama haulingani na wa Rouge Rose, aliyeandikwa kuwa mama yake. Unalingana na wa Clemence, mama wa Tadcaster. Arnull alikuwa amesema kweli. Katika vitabu vya Epsom, hata hivyo, mshindi wa 1880 bado ni Bend Or, na mpandaji ni F. Archer.