Jicho la samaki kwenye uwanda wa Makonde

Mwaka 1906, msafara wa wapagazi uliondoka Lindi kuelekea Masasi ukiwa na mzigo ambao wengi njiani hawakuwahi kuuona: kamera za bamba za kioo, mashine ya kupigia picha za sinema, na fonografu ya kunasa sauti kwenye nta. Mwenye mzigo alikuwa Karl Weule wa Makumbusho ya Ethnolojia ya Leipzig, Ujerumani. Alikuwa amekusudia kwenda kaskazini, lakini habari za uasi huko zikamgeuza njia. Alipofika kusini, majeraha ya Vita vya Maji Maji yalikuwa bado mabichi.

Masasi, Newala, Mahuta: kote alikopita alipiga picha. Alipiga wanawake wenye ndonya, yaani pambo la mdomo wa juu, na chale, nyumba, ngoma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza.

Picha hizo ni hazina hadi leo, lakini zina mpaka wake. Kamera imesimama huku, watu wamesimama kule. Ngoma huchezwa kwa duara, na lenzi ya siku zile iliweza kumega kipande kimoja tu cha duara hilo.

Mwaka huohuo wa 1906, mwanafizikia Robert W. Wood wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alikuwa akijiuliza samaki anauonaje ulimwengu. Maji hupinda mwanga, kwa hiyo samaki anayetazama juu huona anga lote, upeo hadi upeo, limebanwa ndani ya duara lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Wood alichukua ndoo, akaweka bamba la picha chini, lenzi ndogo katikati, akajaza maji. Picha iliyopatikana ilikuwa ya mviringo na imebeba kila kilichoizunguka ndoo. Akaiita picha ya jicho la samaki.

Wood alipokuwa akijaza ndoo yake, kina mama wa Newala walikuwa wakishuka mteremko mkali kufuata maji bondeni na kupanda nayo kichwani, kwa kuwa juu ya uwanda hapakuwa na mto.

Wazo la ndoo lilihamia kwenye kioo. Mwaka 1924, Robin Hill wa Uingereza alieleza kamera ya kupiga anga zima kwa ajili ya kuchunguza mawingu. Mwaka 1962, Nikon ya Japani ikatoa lenzi ya jicho la samaki ya milimita 8 ya kufunga kwenye kamera ya kawaida ya filamu. Bei yake ilikuwa ya maabara na magazeti makubwa, si ya studio ya mjini Masasi.

Mlango ulifunguliwa na lenzi za kurekebishwa kwa mkono. Samyang ya Korea Kusini ilitoa ya milimita 8, kisha kampuni za China kama 7Artisans zikaleta ya milimita 7.5 kwa takriban dola 150. Nyingi ya lenzi hizi hazina umeme wowote ndani, na kamera ya dijitali haizitambui. Mpiga picha huingia kwanza kwenye menyu na kuiruhusu kamera ipige hata kama haioni lenzi. Baada ya hapo kazi ni ya vidole. Pete moja hupanua au kufinya tundu la mwanga, na nyingine hupima umbali. Ukiweka tundu kwenye 8 na umbali kwenye nusu mita, kila kitu kuanzia shubiri moja hivi mbele ya kioo hadi mlima wa mbali hutoka safi. Pete haiguswi tena.

Ila lenzi hii inataka ukaribu. Mcheza sindimba, ngoma ya Wamakonde, aliye hatua tano mbele huonekana kama nukta. Mpiga picha hana budi kuingia ndani ya duara, ajulikane, akubaliwe, amfikie mpiga ngoma hadi karibu kuigusa ngozi ya ngoma. Uso aupange katikati, kwa kuwa pembeni huvutika. Hapo wachezaji wa kulia na wa kushoto huingia pamoja kwenye fremu moja.

Pale Shimo la Mungu, Newala, ambako uwanda unakatika ghafla na macho yanateremka hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, lenzi ya kawaida huchukua kipande cha bonde tu. Ya jicho la samaki hulibeba bonde pamoja na ukingo. Upeo ukipita katikati ya fremu hunyooka. Kamera ikiinuliwa, upeo hujipinda kama bakuli. Na asubuhi, jua likiwa mgongoni, kivuli cha mwenye kamera nacho huingia kwenye picha, kikiwa kimelala juu ya majani, mwanzoni mwa mteremko ule walioupanda kina mama na maji.