Mapendo Baada ya Harusi: Jamaa ya Kolwezi na Kipimo cha Riwaya za Mapenzi

Utangulizi

Mjadala juu ya riwaya pendwa ya Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa Tanzania na Kenya. Wapo wahakiki walioishutumu riwaya ya mapenzi kwa kuwapotosha vijana, na wapo walioitetea kwa hoja kwamba ndiyo iliyowazoeza watu wengi kusoma kitabu kizima kwa hiari yao wenyewe. Katika mjadala huo Kongo haitajwi sana, na sababu yake si ngumu kuifahamu. Ukanda wa shaba, kuanzia Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi, unazungumza Kiswahili kazini, sokoni na nyumbani, lakini haukujenga mapokeo ya riwaya za mapenzi katika Kiswahili chake. Lugha ya shule ya sekondari na ya vitabu ilikuwa Kifaransa, na aliyetafuta hadithi ya wapendanao katika kitabu kwa kawaida aliipata katika lugha hiyo.

Hata hivyo, kukosekana kwa riwaya si kukosekana kwa fikra. Mjini Kolwezi, katika miaka ya 1950, wachimbaji wa madini na wake zao walianza mazungumzo marefu kwa Kiswahili juu ya mapendo ya mume na mke, mazungumzo yaliyoendelea kwa miongo kadhaa. Makala haya yanakusudia kueleza chimbuko la mazungumzo hayo, na kisha kuyatumia kama kipimo cha riwaya za mapenzi za siku hizi. Maoni yatakayotolewa kuhusu riwaya hizo ni ya mwandishi, na msomaji ana haki ya kuyakataa.

Ndoa katika daftari la kampuni

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miongo yake ya kwanza ilitegemea vibarua wanaume waliokusanywa kutoka mbali, wakafanya kazi kwa muda mfupi na kurudi kwao, wale waliosalimika. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo. Ilianza kutoa mikataba mirefu zaidi, ikajenga nyumba za familia, ikafungua hospitali na shule, na ikagawa posho iliyohesabu mke na watoto. Nia yake ilikuwa wazi: mfanyakazi mwenye mke hutulia, hula vizuri, huugua kidogo, na watoto wake ni wafanyakazi wa kesho.

Kolwezi, mji uliojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwa kitovu cha migodi ya magharibi, ulikulia ndani ya utaratibu huo. Katika kambi za wafanyakazi za Ruwe na Musonoi, ndoa ilikuwa jambo la watu wawili, la koo mbili, na tena la ofisi. Jina la mke liliandikwa, posho yake ikapimwa, na katika nyumba za mafunzo za wanawake alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kama ilivyoonekana inafaa na waliomfundisha.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa fasihi. Watu wa kambi walitoka sehemu nyingi: Wasanga, Walunda, Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wacokwe, na wengineo. Kila kundi lilikuwa na desturi yake ya kuwafundisha vijana wa kike na wa kiume kabla ya ndoa, na wazee wake wa kusuluhisha ugomvi wa nyumbani. Kambini wazee hao hawakuwapo, au walikuwa mbali. Kiswahili kilichowaunganisha watu hao kilikuwa kimekomaa kama lugha ya amri, ya chombo na ya mshahara. Je, mume na mke wangezungumzaje wao kwa wao, na kwa maneno gani, kuhusu kile kilichowaweka pamoja?

Jamaa: uzima, uzazi, mapendo

Jibu moja lilitoka mahali pasipotarajiwa. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933, alikuwa amejulikana tayari kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichotolewa Élisabethville mwaka 1945. Miaka michache baadaye, alipokuwa akihudumu katika kambi za Kolwezi, alianza kukutana na wafanyakazi na wake zao. Katika mikutano hiyo likazaliwa kundi lililojiita Jamaa, yaani familia. Lilienea katika miji ya shaba na kuvuka hadi Kasai. Tempels mwenyewe alirudi Ulaya mwaka 1962 asirejee tena, na akafariki mwaka 1977. Kundi lilibaki mikononi mwa watu wa kambi.

Mafundisho ya Jamaa yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili cha kila siku, lakini yalipewa uzito mpya. Uzima haukuwa afya tu, bali nguvu ya kuwa mtu kamili. Uzazi haukuishia katika kuzaa watoto wa mwili. Waliofundisha wengine walihesabiwa kuwa wamewazaa kiroho, wakawa baba na mama yao. Kwa hiyo hata nyumba isiyojaliwa watoto iliweza kuwa nyumba ya wazazi. Na mapendo yalikuwa umoja wa mume na mke, ambao kwao ndio uliokuwa mlango wa umoja mwingine wote, wa watu kwa watu na wa watu kwa Mungu.

Jambo la msingi kwa hoja yetu ni kwamba mlango wa Jamaa ulikuwa wa watu wawili. Mume na mke waliingia na kupita pamoja katika ngazi walizoziita njia, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na katika kila njia walifunguliana mawazo yao. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti katika eneo hilo katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya Jamaa mwaka 1971, alionyesha jinsi mazungumzo hayo yalivyokuwa kazi ya lugha: watu walikuwa wakifafanua maneno, wakiyalinganisha, wakiulizana maana yake. Utafiti wake unaonyesha wachimbaji wa shaba wakifanya kwa Kiswahili kazi ambayo kwingine huachiwa mwanafalsafa na mtunzi wa riwaya.

Tofauti ya msamiati nayo ina maana yake. Msomaji wa pwani husema mapenzi, na neno hilo humletea akilini mvuto, hamu, pengine wivu. Kolwezi neno la msingi ni mapendo. Katika lugha ya kanisa mapenzi huwa pia matakwa, hasa matakwa ya Mungu. Mapendo ndiyo yanayotendwa kati ya watu. Sisemi kwamba watu wa Kolwezi hawakujua hamu. Nasema kwamba neno walilolichagua kuwa kitovu cha mazungumzo yao lilikuwa la kitendo kinachoendelea.

Jamaa haikuwa pepo ya duniani. Baadhi ya vikundi vyake viligombana na mapadri, vingine vikashukiwa kufundisha mambo ya siri, na maaskofu wakalazimika kuweka masharti. Lakini ugomvi huo wenyewe ni ushahidi kwamba watu waliona kuna kitu cha kugombania.

Mamba Muntu na hatari ya utajiri

Nje ya Jamaa, ukanda wa shaba ulikuwa na hadithi nyingine ya mapenzi, nayo ilining'inia ukutani. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani walichora na kuuza picha za Mamba Muntu, mwanamke ambaye nusu yake ya chini ni samaki. Kwa mujibu wa masimulizi, mtu akiokota kitu chake, kama kitana au uzi wa nywele, Mamba Muntu humjia usiku kukidai, na badala yake humpa utajiri, kwa sharti la kutunza siri na kuwa mwaminifu kwake. Anayevunja sharti hupotewa na vyote.

Tukiitazama kwa jicho la mhakiki, hiyo ni riwaya ya mapenzi iliyopinduliwa. Riwaya pendwa ya kawaida humleta tajiri mzuri wa sura, na mali yake ni sehemu ya furaha ya mwisho. Picha ya Mamba Muntu inasema kwamba mali inayokuja kwa njia ya pendo la siri ina mwenyewe, naye atarudi kuidai.

Riwaya za siku hizi mbele ya kipimo hiki

Riwaya za mapenzi za Kifaransa zilizouzwa kwa wingi zilikuwa na kanuni moja. Delly, jina la kalamu la ndugu wawili, dada na kaka, aliwapa wasomaji wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 msichana mwema na bwana mkubwa mwenye majivuno. Mfululizo wa Harlequin, ulioanza Ufaransa mwaka 1978, ukaigeuza kanuni hiyo kuwa ya kiwandani. Mwaka 1998 Nouvelles Éditions Ivoiriennes ya Abidjan ilianzisha mfululizo wa Adoras, wenye wahusika, majina na miji ya Kiafrika. Hiyo ilikuwa hatua ya heshima. Msomaji wa Kiafrika alistahili kumwona msichana wa mtaa kama wake akipendwa bila kulazimika kwanza kuhamia Ulaya. Lakini kubadili mandhari si kubadili swali. Kanuni huuliza: je, watapatana? Wakipatana, kitabu kinafungwa.

Hapo ndipo ladha yangu inapoachana na riwaya nyingi za aina hii. Jamaa ilianzia pale riwaya hizo zinapoishia. Swali lake lilikuwa: hawa wawili waliokwisha kupatana, wenye nyumba namba fulani na posho ya watu sita, watazungumzaje kesho jioni mume atakapotoka mgodini? Kwa mtazamo huo, harusi ni ukurasa wa kwanza.

Wapo wanaosema kwamba kudai hivyo ni kuionea riwaya pendwa, kwani msomaji huitafuta ili apumzike. Hoja hiyo ina nguvu. Mtu aliyefanya kazi siku nzima hana deni la kusoma huzuni. Lakini pumziko si lazima liwe usahaulifu. Msomaji hupumzika pia anapokuta kitabuni jambo lililokuwa likimkera bila jina, likapewa jina.

Mifano ipo. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1972, kiu ya mapenzi na kiu ya mali zimefungwa fundo moja, na fundo hilo ndilo linalomwumiza Bahati. Msomaji aliyekulia mbele ya picha ya Mamba Muntu asingehitaji kufafanuliwa kitabu hicho. Katika Le Bel immonde ya mwaka 1976, V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, alimkutanisha waziri na msichana wa baa mjini Kinshasa wakati wa maasi ya miaka ya 1960. Huko mapenzi hayawezi kutenganishwa na dola. Vitabu hivyo viwili havikuandikwa kwa kanuni ya kiwandani, na mimi navipendelea. Hata hivyo, vyote viwili vinashughulika zaidi na jinsi mapenzi yanavyoharibiwa. Riwaya inayoonyesha jinsi yanavyotunzwa, siku baada ya siku, ni adimu zaidi, na ndiyo ningependa kuisoma.

Hitaji hilo si la kinadharia tu. Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya mwaka 1967, ilidhoofika vibaya katika miaka ya 1990. Sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka mwaka 1990, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita watu hao, katika kitabu chake cha mwaka 2001, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Mshahara uliposimama, wanawake wengi waliibeba nyumba kwa biashara ndogo na kwa mashamba. Mume aliyekuwa baba kwa nguvu ya posho alilazimika kuwa mume kwa nguvu ya kitu kingine. Leo Kolwezi ni makao makuu ya Mkoa wa Lualaba, ulioundwa mwaka 2015, na kobalti imeleta kampuni mpya na fedha mpya; lakini swali la nini kinachoweka watu wawili pamoja pale daftari linapofungwa halijajibiwa na madini.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukanda wa shaba ulikosa riwaya ya mapenzi ya Kiswahili lakini haukukosa nadharia yake. Jamaa iliwapa watu wa kambi maneno ya kuirudisha ndoa mikononi mwao kutoka katika hesabu za kampuni. Wachoraji wa Mamba Muntu wakawaonya kuhusu bei ya utajiri. Mwandishi kijana wa Kolwezi atakayetaka kuandika riwaya ya mapenzi kwa Kiswahili chake hana haja ya kuazima bwana mkubwa wa Delly wala tajiri wa Harlequin. Anaye tayari mzee aliyestaafu bila malipo yake, na mama anayeuza unga sokoni, ambao bado kila jioni wanaulizana habari ya siku na kusubiri jibu. Na sisi wahakiki, tunapoandika historia ya fasihi pendwa ya Kiswahili, tuvuke mpaka tusikilize na neno mapendo linavyotamkwa Lualaba.