Pancho Guedes na Ukoo wa Majengo ya Maputo

Katika historia ya usanifu majengo barani Afrika katika karne ya 20, Amâncio d'Alpoim Miranda Guedes, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pancho, ana nafasi ya pekee, kwa kuwa alikuwa msanifu, mchoraji na mchongaji kwa wakati mmoja, na kwa kuwa fani hizo tatu hakuzitenga na maisha ya nyumbani kwake. Usanifu majengo ni taaluma ya kubuni jengo na kuchora ramani yake kabla fundi hajachimba msingi, na wasanifu wengi wa zama zake waliamini kuwa sura ya jengo haina budi kutii matumizi yake, bila pambo wala fumbo. Guedes hakuikubali itikadi hiyo, bali alidai kwamba msanifu anastahili uhuru uleule ambao washairi na wachoraji wameufaidi tangu zamani. Makala haya yanayapitia maisha yake ili kuonyesha kwamba uhuru huo ulipata malezi katika familia, na kwamba majengo yake yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kama ukoo.

Guedes alizaliwa Lisbon, Ureno, mwaka 1925, akiwa mtoto wa daktari aliyetumwa kufanya kazi katika makoloni, na kwa sababu hiyo utoto wake ulipita katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, Guinea iliyokuwa chini ya Ureno, na hatimaye Msumbiji. Alisomea usanifu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, akamwoa Dorothy Phillips, aliyeitwa Dori, na wawili hao wakajaliwa watoto wanne. Familia iliishi Lourenço Marques, jiji ambalo tangu mwaka 1976 linaitwa Maputo, na humo mume na mke walikusanya kwa pamoja vinyago, michoro na kazi nyingine za mikono ya Waafrika, hata mkusanyo huo ukaja kujulikana kwa majina yao wote wawili. Mtoto wao Pedro naye alifuata njia ya usanifu, na ndiye aliyehariri kitabu kikubwa kuhusu kazi za baba yake kilichotolewa Lisbon mwaka 2009.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi 1974 Guedes alichora ramani zinazohesabiwa kwa mamia, zikiwamo za nyumba za familia, maghorofa ya kupanga, viwanda vya mikate, gereji, makanisa na shule. Mengi ya majengo hayo aliyapa majina, kama mzazi ampavyo mtoto, na miongoni mwake mna ghorofa la Prometheus na lile liitwalo O Leão que Ri, yaani Simba Anayecheka, lililojengwa kati ya 1956 na 1958. Simba huyo husimama juu ya nguzo nene zilizoacha sehemu ya chini wazi, ukuta wake wa ubavuni umepambwa kwa mchoro mkubwa, na paa lake lina maumbo yanayofanana na viungo vya kiumbe hai kuliko vifaa vya ujenzi. Zege, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, hufuata umbo la kasha inamomiminwa, na Guedes aliitumia tabia hiyo kuchonga jengo zima kana kwamba ni kinyago. Baadaye aliyapanga majengo yake katika mitindo 25, akiyatazama kama familia zenye sura na tabia za kurithiana, na ile iliyo karibu zaidi na nafsi yake akaiita Stiloguedes, yaani mtindo wa Guedes.

Hata hivyo, heshima kwa msanifu huyu haipaswi kuuficha ukweli kwamba alifanya kazi katika jiji la kikoloni lililogawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa mji wa saruji, makao ya walowezi, na upande wa pili ulikuwa caniço, neno la Kireno lenye maana ya matete, ambalo lilitumika kuitaja mitaa ya Waafrika waliokatazwa kujenga nyumba za kudumu, kiasi kwamba baadhi yao walijenga ukuta wa matofali kwa siri nyuma ya uzio wa matete. Mwezi Juni 1963, mwaka mmoja baada ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kuundwa Dar es Salaam, Guedes alichapisha katika gazeti la A Tribuna makala iliyolieleza jiji lake kuwa ni mgonjwa na kupendekeza tiba ya hali ya caniço. Aidha, alisanifu shule ya Waterford nchini Swaziland, ambayo leo ni Eswatini, iliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1963 ili watoto wa rangi zote wasome pamoja, kinyume na ubaguzi uliotawala katika nchi jirani ya Afrika Kusini.

Ukarimu wa nyumba yake ulidhihirika zaidi katika maisha ya mchoraji Malangatana Ngwenya, aliyezaliwa Matalana mwaka 1936 na kufanya kazi katika klabu ya tenisi ya jijini, ambako Guedes alikutana naye. Guedes alimpa nafasi ya kuchorea katika gereji ya nyumba yake na kununua picha zake kila mwezi ili kijana huyo aishi kwa sanaa, na mwaka 1961 Malangatana alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake. Kipaji kilikuwa cha Malangatana mwenyewe, lakini nyumba ya Guedes ilimpa muda, rangi na kivuli, mambo ambayo utawala wa kikoloni uliwanyima wengi wa rika lake.

Mwaka 1962 Guedes alikaribishwa Royaumont, Ufaransa, katika mkutano wa Team 10, kundi la wasanifu waliotaka ujenzi wa kisasa umrudie binadamu na mtaa wake. Baada ya kuondoka Msumbiji aliongoza idara ya usanifu ya Witwatersrand kuanzia 1975 hadi 1990, kisha akarejea Ureno, ambako familia ilikuwa na nyumba huko Eugaria karibu na Sintra. Alifariki Novemba 2015 nchini Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 90.

Kazi zake zimeonyeshwa katika makumbusho ya Ulaya, lakini kumbukumbu yake kuu bado iko Maputo, ambako familia hupika, hulea na kuanika nguo ndani ya Simba Anayecheka. Hewa ya bahari hula nondo zilizomo ndani ya zege, na jengo lisilokarabatiwa hupasuka taratibu, kwa hiyo wajibu wa kumkumbuka Guedes ni wajibu wa kuziba nyufa, kuhifadhi ramani na kuwasaidia wakazi kubaki humo. Mtu aliyeyaona majengo kama ukoo huenziwa ipasavyo pale ukoo huo unapotunzwa na wale wanaoishi nao.